Uzoefu wangu na boila ya kupasha nyumba joto hapa Maine

Nyota nne kati ya tano. Nyumba tuliyohamia hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani, ni ya zamani na hupashwa joto kwa maji. Tulikopanga awali kulikuwa na tanuru la hewa: feni inanguruma, joto linakupiga usoni, mara linakata na baridi inarudi. Koo lilikuwa likinikauka usiku kucha.

Boila yetu iko chini ya nyumba na inatumia mafuta yanayokaribia dizeli. Wageni hudhani maji yanachemka mle ndani. Hayachemki, siku za baridi kali hufika kama nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kisha pampu ndogo inayasukuma hadi kwenye rejeta za chuma vyumbani, yanaacha joto, yanarudi kupashwa tena. Ni maji yale yale yanayozunguka, hayachanganyiki na ya jikoni. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, ndiyo maana bomba jembamba linafanya kazi ya mfereji mpana wa bati unaopitisha hewa ya tanuru.

Joto lenyewe ni tulivu, halina kelele wala vumbi. Ila hupanda polepole! Ukishusha sana kipimo cha joto usiku ili kubana matumizi, asubuhi watoto watakunywa chai wamevaa makoti. Mimi nakiacha karibu palepale.

Rejeta ya chumba cha juu iliwahi kuwa moto chini, baridi juu. Fundi mmoja akasema imekufa, akanitajia bei ya mpya. Bibi jirani akacheka, akaniazima kifunguo kidogo: fungua tundu la pembeni, hewa itoke fyuu, funga maji yakianza kuchuruzika. Ikapona. Baada ya hapo tazama geji ya presha kwenye boila. Kwa ghorofa mbili, boila ikiwa imepoa, geji ionyeshe kama paundi 12 kwa inchi ya mraba.

Nyota niliyokata ni ya umeme. Ukikatika, pampu inasimama, na ukikawia kurudi mabomba yanaweza kuganda na kupasuka. Halafu kiangazi huna mifereji ya kupitishia hewa baridi, unanunua kiyoyozi cha dirishani.

Kama nyumba ina mabomba tayari, ichukue. Kama ina mifereji ya hewa, usibomoe kuta kwa ajili ya hii. Hela hiyo anza kuzibia madirisha yanayopitisha upepo.