“Mama, macho yako ndiyo yamechoka”: lenzi yangu ya projekta kwa fundi mmoja wa Lubumbashi

Ninaandika nikiwa na hasira, tena hasira yenye sababu. Sitataja jina la karakana, lakini wenzangu wa Lubumbashi wanaoonyesha filamu za milimita 16 wataitambua, kwa kuwa hatuna mafundi wengi wanaokubali hata kuzigusa mashine hizi. Kwa sasa hukumu yangu ni moja: msiwapelekee lenzi.

Niliipeleka projekta huko mvua zilipokuwa zinakatika. Lenzi ilikuwa imeota ukungu ndani, kama inavyovipata vioo vingi vinavyofungiwa sandukuni msimu mzima wa unyevu, na picha ikawa hafifu kama inayotazamwa kupitia chandarua. Hata hivyo ilikuwa na ukali wa kuridhisha hadi kwenye kona, na maandishi ya chini yalisomeka vizuri. Niliomba kioo kisafishwe, basi.

Iliporudi, kioo kilikuwa kinang'aa, nami nikafurahi hadi nilipowasha taa. Katikati ya picha palikuwa pakali, lakini pembeni pote palikuwa pamevurugika, na kila nilipozungusha lenzi ili pembeni pakae sawa, katikati pakapotea. Nilijua mara moja kwamba tatizo halikuwa kwenye dirisha la filamu, yaani tundu ambapo filamu hupita mbele ya taa, kwa sababu filamu iliyoinamia upande mmoja dirishani, au lenzi iliyokaa upande, kwa kawaida huharibu upande mmoja tu wa picha. Nilihakikisha kwa jaribio ambalo kila mwenye projekta anapaswa kulijua: zungusha silinda ya lenzi mahali pake, kisha utazame turubai la kuonyeshea picha. Sehemu yenye kasoro ikizunguka pamoja na lenzi, mgonjwa ni lenzi. Isipohama, tafuta kwenye dirisha, kwenye bamba linalobana filamu, au angalia jinsi turubai ilivyosimama. Kwangu hapakuwa na upande wa kuhama, kwa maana kasoro ilikuwa sawa pande zote, na hiyo ni dalili ya kioo kimojawapo kati ya vioo vilivyo ndani ya lenzi kurudishwa kikiwa kimegeuzwa.

Niliporudi karakana kumweleza hayo, fundi hakuinua hata uso. Alisema, “Mama, macho yako ndiyo yamechoka. Lenzi iko sawa, filamu zako ndizo zimezeeka.” Aliyasema mbele ya wateja wengine, nao wakacheka.

Ni kweli kwamba filamu ya asetati, plastiki ya filamu nyingi za zamani, ikizeeka husinyaa na kujikunja, na ikijikunja haitulii dirishani, hivyo ukali huja na kuondoka. Lakini filamu niliyompelekea ni ileile iliyokuwa ikionekana vizuri kabla hajaigusa lenzi! Ni kweli pia kwamba lenzi nyingi za projekta zinafuata mpangilio wa vioo uliobuniwa na mwanahisabati Joseph Petzval mwaka 1840, ambao kwa asili yake hutoa katikati pakali kuliko pembeni. Ila mpangilio huohuo una vioo viwili vya nyuma vilivyoachana kidogo, visivyogandishwa pamoja, navyo ndivyo ambavyo fundi mzembe huvichomoa, akavifuta, akavirudisha bila kuweka alama ya penseli ukingoni kuonyesha upande uliokuwa mbele. Mtu anayejiita fundi angepaswa kunieleza mimi hayo, badala ya kuyasema macho yangu.

Sipendi kumdhulumu mtu. Mota, ambayo sikuwa nimeiomba, aliitengeneza bila malipo, na sasa inakwenda kwa picha 24 kwa sekunde bila kuyumba. Sauti, iliyokuwa ikipanda na kushuka, imetulia kabisa. Kwa kazi hiyo pekee nilikaribia kumsamehe, na nilikuwa tayari kuandika kwamba karakana ni nzuri ila mwenyewe hana adabu.

Kisha nikaitazama pete inayokaza vioo. Imekwaruzwa pande zote mbili kwa koleo, ilhali ina vijitundu viwili vya kuingiza kifaa chake maalumu, na vipande vidogo vya chuma vilikuwa vimeangukia ndani ya silinda. Hapo msamaha ukaisha.

Aliyeniokoa ni kijana anayejifunza kazi hapo. Bosi wake alipotoka, alifungua lenzi taratibu, akakigeuza kioo cha nyuma, akapuliza vumbi, akafunga, nasi tukaiwasha ukutani palepale: kona zote zikarudi. Aliniamkia, akaniita mama kwa heshima, akakataa hata nauli niliyotaka kumpa. Kwa hiyo ninalibadilisha neno langu la kwanza: pelekeni lenzi, lakini mwulizeni kijana kwanza, na msikubali ifunguliwe bila yeye kuwapo.

Jioni ileile fundi mkuu alinipigia simu akidai dola kumi za “kurekebisha lenzi”. Sijazilipa, wala sitazilipa hadi anitafutie pete nyingine.