Wapimaji wa ulevi wanaokuja yadini alfajiri: mwaka mmoja na nusu nikiwa nao

Yadi yetu iko Tabata, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Mandela. Tuna malori 31. Mengi yanabeba mafuta kwenda Mbeya na Tunduma, machache yanavuka mpaka hadi Ndola na Lubumbashi. Kazi yangu mimi ni madereva: nani anaondoka, na gari gani, kalala saa ngapi, leseni yake inaisha lini. Mwaka juzi mteja wetu wa mafuta akaongeza kipengele kwenye mkataba. Dereva apimwe pombe na dawa za kulevya kabla ya kuajiriwa, apimwe kwa kushtukiza akiwa kazini, apimwe baada ya ajali na pale anapotiliwa shaka, na kumbukumbu zote ziwepo mkaguzi akija. Ndipo nikaanza kuitafuta kampuni ya kuifanya kazi hiyo. Niliyoipata ni ya hapahapa Dar, na siitaji jina kwa sababu mkataba wetu nayo bado unaendelea na sitaki mtu adhani nimelipwa kuisifu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye malori, mabasi na magari ya shule ambao najua wanaulizana swali hilihili.

Lazima nianze na aliyetangulia, kwa sababu bila yeye msingeelewa kwa nini nawathamini hawa.

Kabla yao tulikuwa na kijana anayekuja na begi. Bei yake ilikuwa nafuu sana. Anasimama mlangoni mwa choo, dereva anakojoa mbele yake, kile kikadi cha kupimia kinatumbukizwa kwenye kikombe, na baada ya dakika tano majibu yanasomwa kwa sauti pale uwanjani, utingo, fundi na mama ntilie wote wanasikia. Siku moja kadi ya dereva mmoja haikutoa mstari upande wa afyuni. Kwenye kadi zile mstari usipotokea ndiyo chanya. Yule dereva alisema ametoka kung'olewa jino na amepewa dawa ya maumivu yenye kodeini, ambayo ni ndugu wa afyuni, cheti kiko nyumbani Gongo la Mboto. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi pia sikumsikiliza. Tulimwachisha kazi siku ileile.

Akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale niliulizwa mambo matatu: sampuli iko wapi, maabara gani ilithibitisha, na lini alipewa nafasi ya kujieleza. Sikuwa na jibu hata moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye aonyeshe kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki, na mimi nilikuwa na picha ya kadi kwenye simu tu. Tulikubaliana kumlipa. Lakini fedha haikumsafisha. Jina la mla unga lilimfuata vijiwe vyote vya madereva, kuanzia Tabata mpaka Tunduma, na hadi leo ninapomkumbuka moyo unaniuma, maana alikuwa dereva mzuri na mtu wa watu.

Sasa hawa. Asubuhi yao ya kwanza walifika saa kumi na moja kasorobo, giza bado, wawili: dada nesi na kaka wa mashine ya pumzi. Kabla hawajamwita mtu waliomba chumba chenye mlango. Dada akaingia chooni, akafunga koki ya maji kwa utepe, akamimina rangi ya bluu kwenye sinki la choo. Nikamuuliza ya nini. Akasema: "Dada yangu, ni ili mtu asichote maji ya chooni akaongezea kwenye mkojo. Nikishafanya hivi sina haja ya kumchungulia." Utaratibu wao wameuiga kutoka Marekani, ambako madereva wa magari makubwa wanapimwa kwa amri ya serikali chini ya sheria ya mwaka 1991, na kila hatua ya uchukuaji imeandikwa. Sisi hapa haitubani sheria hiyo. Lakini pale hatua zilipoandikwa vizuri, sioni aibu kuazima.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee wetu mmoja kutoka Singida, miaka ishirini na mbili barabarani, aliyekuwa amenuna tangu getini. Dada alisimama, akasema, "Shikamoo baba, karibu ukae." Mzee akaitikia marahaba na uso ukalegea kidogo. Akaonyeshwa kopo likiwa bado limefungwa, akaambiwa alichague mwenyewe kati ya matatu. Akatoa kila kilichomo mfukoni, akanawa mikono, akaingia peke yake, mlango ukafungwa. Alipotoka, jambo la kwanza dada aliloangalia ni ile stika ya joto ubavuni mwa kopo. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi unatakiwa usome kati ya nyuzi 32 na 38, na uangaliwe ndani ya dakika nne. Ukiwa wa baridi, umetoka kwenye chupa ya mfukoni. Kisha mbele ya macho ya mzee akaugawa: mililita 30 kwenye chupa ya kwanza, 15 kwenye ya pili. Kila chupa ikabandikwa lakiri juu ya kifuniko, na mzee mwenyewe akaweka herufi za jina lake juu ya lakiri. Jina kamili halikuandikwa kwenye chupa popote, ni namba tu. Fomu ikasainiwa, na kuanzia hapo kila mkono unaozigusa chupa zile unaandika saa na saini.

Ile chupa ya pili ndiyo iliyonifanya nisaini mkataba. Majibu yakiwa chanya, dereva ana saa 72 za kudai ipimwe kwenye maabara nyingine. Mwenye mabasi yeyote anayenisoma, kampuni ikikuambia inachukua chupa moja, waage kwa heshima.

Upande wa pumzi nao nina kisa. Mwezi wa tatu hivi, kijana wetu wa Mlandizi alipuliza mashine ikasoma 0.031, yaani gramu za kilevi katika mililita 100 za damu. Zamani angekuwa amerudishwa nyumbani na maneno juu. Kaka wa mashine hakusema kitu, hata uso haukubadilika. Alimwomba akae kwenye benchi mbele yake, asile, asinywe, asivute sigara, na akaanza kuhesabu dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikiangalia mshale unavyozunguka, nimechoka kwa niaba ya yule kijana. Zilipotimia, mashine ikapulizishwa hewa tupu kwanza, ikasoma sifuri, mrija mpya ukatolewa kwenye mfuko wake, kijana akapuliza. Sifuri tupu. Alikuwa amesukutua kinywa dakika chache kabla kwa ile dawa ya kusukutulia yenye spiriti. Kilevi kilichobaki mdomoni kinaisha ndani ya muda huo, kilichomo kwenye damu hakiishi. Gari lake lilitoka getini kabla ya jua kuchomoza.

Wiki mbili baadaye mwingine alisoma 0.058, na baada ya robo saa 0.055. Huyo alikuwa ameacha kunywa saa saba usiku huko Kimara, akalala, akaamka, akanywa supu ya kongoro na ndimu, akaamini amepoa. Kaka alimfafanulia taratibu kwamba mwili unapunguza takribani 0.015 kwa saa, basi; supu haisukumi, kahawa haisukumi, maji ya baridi hayasukumi. Kwa hesabu hiyo asingefika sifuri kabla ya saa tatu asubuhi, na zamu yake ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani inataja miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, ambayo kwenye mashine ni 0.08, na wengi wanaishika namba hiyo kama ruhusa. Marekani dereva wa gari kubwa anaondolewa kazini kuanzia 0.04, na akiwa kati ya 0.02 na 0.039 anakaa pembeni saa 24. Sisi tumeandika kwenye sera yetu kwamba 0.02 haitoki getini, na hao wapimaji ndio waliotusaidia kuiandika kwa Kiswahili chepesi ambacho kila dereva alisaini akiwa ameelewa. Lita elfu thelathini na kitu za mafuta zikiteremka mlima wa Kitonga haziulizi kama uko chini ya kiwango cha sheria.

Kisha kuna daktari. Hapa ndipo penye uzito, na ndipo kampuni nyingi za bei poa zinapopungukiwa. Maabara ikitoa chanya, majibu hayaji kwangu. Yanakwenda kwa daktari wao mhakiki, naye anampigia dereva kwanza. Yule mzee wa Singida, mara ya pili alipochaguliwa, alitoka chanya kwa kodeini. Mimi sikujua. Nilikuja kujua baada ya siku nne, nilipopata karatasi imeandikwa hasi. Mzee ndiye aliyenisimulia mwenyewe, tukiwa tunakula chapati kwa mama ntilie: daktari alimpigia jioni, akamuuliza anatumia dawa gani, akamtaka apige picha cheti na paketi, akampigia aliyemwandikia, akathibitisha. "Mama, hakunitukana," mzee akaniambia. "Aliniuliza kama mtu anavyoulizwa na mwanawe." Daktari alimwambia pia kwamba dawa ile inaleta usingizi, asiendeshe mpaka aimalize, na mzee akaja kuomba siku tatu za mapumziko bila kunieleza sababu. Nilimpa. Nililia kidogo nilipofika nyumbani, kwa sababu nilimkumbuka yule mwingine wa jino.

Jambo jingine walilonilazimisha ni orodha. Majina ya kushtukiza yanachaguliwa na kompyuta yao, si na mimi. Marekani kiwango ni nusu ya idadi ya madereva kwa mwaka kwa dawa za kulevya na asilimia 10 kwa pombe, nasi tumefuata hivyohivyo kwa dawa, tukazidisha kwa pombe. Orodha ya kwanza niliyowapelekea haikuwa na mpwa wa mkurugenzi, ambaye anaendesha wikiendi. Waliirudisha. Wakaandika: kila anayeshika usukani awemo. Ilibidi niende kwa mkurugenzi na mikono ikitetemeka. Akakubali. Madereva walipomwona yule kijana amepanga foleni na kopo mkononi, manung'uniko yaliyokuwepo yalipungua sana.

Mapungufu wanayo, tena mengine si madogo.

Mirungi hawaikamati. Kipimo chao cha kawaida kinaangalia makundi matano: bangi, kokeini, afyuni na ndugu zake, amfetamini, na fensiklidini. Hiyo ya mwisho mimi sijawahi kusikia dereva wa hapa akiitaja. Mirungi nimeiona kwa macho yangu chini ya kiti cha gari, na kwa dereva asiyelala siku mbili ndiyo hatari yetu halisi. Nimewaambia mara tatu. Wanasema inahitaji kipimo cha ziada cha maabara, gharama juu. Utaratibu wa kuazima ni mzuri, lakini orodha ya dawa ilipaswa kupimiwa mwili wetu.

Wanachelewa mvua ikinyesha. Jangwani ikifurika, wapimaji hawavuki, na magari yangu sita yamewahi kusimama hadi saa mbili asubuhi. Majibu ya maabara yanachukua siku tatu mpaka sita, na aliyesubiri ajira anakaa bila kujua. Na mara moja, moja tu, mhasibu wao aliambatanisha kwenye ankara orodha yenye majina na matokeo. Nilimpigia meneja wao dakika ileile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mkojo wa mtu si habari ya mhasibu. Waliomba radhi kwa barua, na tangu hapo ankara inakuja na namba tu.

Bei: tunalipa shilingi 65,000 kwa kila sampuli ya mkojo inayokwenda maabara, na pumzi 8,000, risiti ya EFD inatoka palepale. Yule wa begi alikuwa 15,000. Nilichomlipa dereva wa jino kingelipia sampuli za miaka mitatu.

Utingo wetu mmoja alitoka chanya kwa heroini na chupa ya pili ikathibitisha. Waliandika barua ya kumpeleka kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa watu wanaoacha heroini, akaanza Mwananyamala. Hayuko kwenye gari, yuko stoo anahesabu matairi, na kila asubuhi anapita kunywa dawa kabla ya kazi.

Mkataba wetu unaisha mwezi wa sita. Nimeshaandika kwamba nitausaini tena, na kwenye barua nimeweka sharti moja kwa herufi kubwa: mirungi iingie. Nimewaambia niko tayari kuongeza bei.