Brashi za vekta: ipi ulipie, ipi uiache

Mwaka juzi nilichora jina la duka la viungo kwa brashi nzuri sana ya programu ya kompyuta, ile inayoacha michirizi mwishoni kama wino unaoishia. Kwenye skrini lilipendeza. Fundi wa stika akaweka faili kwenye mashine ya kukatia, mashine ikakata mistatili mitupu badala ya herufi. Ile michirizi yote ilikuwa picha ya pikseli, yaani vinukta vya rangi, iliyovishwa mstari, na kisu cha mashine hakifuati pikseli. Nilikesha nikirudia kazi, na stika iliyoharibika nikailipia mimi.

Kwa hiyo hapa nimepanga programu nne za kuchorea kwa swali moja kwanza: brashi inabaki vekta, yaani umbo la mistari ambalo kisu kinaweza kulifuata, mpaka mwisho, au ni picha iliyojificha? Bei inafuata.

1. Inkscape na chupa ya wino

Inkscape ni ya bure. Brashi inazokuja nazo haziridhishi, lazima niseme; kalamu yake ya kaligrafia ina vipimo vya kutetemesha mstari, lakini unatoka laini kama plastiki. Basi hela uliyookoa nunulia wino mweusi, brashi ya nywele ngumu na karatasi nyeupe. Chovya, ifute brashi kwenye gazeti mpaka ikaribie kukauka, kisha vuta mara moja bila kusita. Vuta mara ishirini. Miwili mitatu ndiyo itakayochanika vizuri mwishoni. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi.

Ndani ya Inkscape fungua Trace Bitmap, inayogeuza picha kuwa vekta, uchezeshe kiwango cha mwangaza mpaka alama za nywele za brashi zitengane, na uongeze kipimo cha madoa ili vumbi la karatasi lifutike. Mchirizi ukishakuwa vekta, unakili. Shika penseli, kwenye Shape chagua From clipboard, na kila mstari utakaochora utauvaa mchirizi wako mwenyewe, ambao hakuna mwingine anao.

Kasoro zake ni mbili. Nukta zinakuwa nyingi mno, na laptopu ya zamani itahema. Zipunguze kwa Simplify, mara moja tu, maana ya pili inaanza kuyeyusha nyuzi. Halafu kwenye kona kali mchirizi hujikunja vibaya. Chora kona kwa mipigo miwili, kama wachora mabango wanavyofanya kwa mkono.

2. Adobe Illustrator

Kama una wateja wa kila mwezi, hii ingekuwa namba moja. Art Brush yake huchukua umbo la vekta, ikalinyoosha juu ya mstari na kulibakiza vekta. Kabla ya kutuma kwa fundi, toa amri ya Expand Appearance, inayogeuza mstari wa brashi kuwa maumbo kamili. Pia pakiti nyingi za brashi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili yake. Lakini angalia: tangu 2013 brashi ya Illustrator inaweza kubeba picha ya pikseli ndani. Muulize muuzaji, au omba sampuli moja, chora mstari, toa Expand, kisha bonyeza Ctrl+Y. Ukiona kisanduku kitupu, ni picha. Ukiona vipande visivyo sawa vilivyotawanyika kama mchele uliomwagika, lipa.

Bristle Brush, iliyoingia na toleo la CS5 mwaka 2010, hupaka kwa tabaka za rangi zinazopenyeza nuru. Ni tamu kwa picha za watu, ila faili linanenepa. Ukizidisha mipigo 30, programu yenyewe inakuonya unapohifadhi au kuchapa. Kwa stika haifai kabisa. Na kumbuka ni ya kulipia usajili: ukiacha kulipa, mlango unafungwa.

3. Affinity

Kampuni ya Canva iliinunua 2024, na tangu Oktoba 2025 ni bure ukiwa na akaunti yao. Brashi zake ndizo zinazofanana zaidi na rangi halisi kwa macho yangu, na sababu ni kwamba ni picha zilizonyooshwa. Ukitoa faili la SVG, ambalo ni la vekta, zinatoka pikseli. Kwa mabango ya kuchapwa na ya mtandaoni chukua bila wasiwasi. Kwa kisu, hapana.

4. CorelDRAW

Faida yake kubwa ni kwamba mafundi wengi wa uchapaji wanayo, faili lako linafunguka kama lilivyo. Zana yake ya Artistic Media inatoa maumbo ya vekta, ila sura yake imechoka. Brashi za rangi zilizoongezwa baadaye zinapendeza lakini ni za pikseli. Inauzwa kwa usajili au kwa malipo ya mara moja. Kwa ajili ya brashi peke yake, nisingeinunua.

Tableti ya kuchorea? Kwa njia ya wino unaweza kukaa na mausi. Kwa Illustrator chukua Huion au Wacom ndogo isiyo na skrini, inayosoma mkandamizo wa kalamu. Ya skrini ingoje malipo ya mteja wa tatu.