Agilent 5977B: mashine nzuri, ila nati ya kolamu uiangalie

Kwa maabara inayopima mabaki ya viuatilifu kwenye mboga, au mafuta ya kunukia, 5977B, mashine ya kupima uzito wa molekuli (spektromita ya masi), iliyofungwa kwenye GC 7890B, yaani kromatografu ya gesi inayotenganisha sampuli, inatosha kabisa. Inasoma ioni (chembe zenye chaji) hadi uzito wa 1050. Kwa kazi hizo ni nadra kuvuka 550. Usumbufu mwingi hautoki kwenye elektroniki. Unatoka kwenye nati moja ndogo, pale kolamu, ule mrija mwembamba unaotenganisha sampuli, inapoingia kwenye chanzo cha ioni, sehemu inayozipa molekuli chaji.

Feruli, kipete cha kuziba ndani ya nati, ya Vespel (plastiki ya kuhimili joto) na grafiti husinyaa tanuri likipata moto na kupoa mara mbili tatu. Nati iliyokazwa jana, leo imelegea na hewa inaingia. Kwa hiyo kabla ya sampuli yoyote, tazama ioni za 18 (maji), 28 (nitrojeni) na 32 (oksijeni) ukizilinganisha na 69 ya PFTBA, kemikali ya kurekebishia mashine. Mashine iliyotoka kufunguliwa huonyesha 18 kubwa: ni maji hayo, iache ivute ombwe saa nne, au usiku kucha ukiweza. Ila 28 ikiipita 18, na 32 ikawa kama robo ya 28, hiyo ni hewa, hata ungoje wiki. Puliza argoni kidogo kuzunguka nati huku macho yako kwenye 40, ioni ya argoni. Ikiruka, tundu ndilo hilo. Kaza robo mzunguko tu. Ukitumia nguvu, feruli inapondeka na kolamu inakatika humo humo. Ncha ya kolamu itokeze milimita 1 hadi 2, basi. Zipo nati zinazojikaza zenyewe; bei inauma, lakini nunua.

Filamenti, nyuzi za moto zinazotoa elektroni kwenye chanzo, ni mbili, hivyo moja ikiungua kazi haisimami. Huungua zaidi kwa watu wanaosahau kuweka muda wa kusubiri kiyeyushi kipite, kama dakika 3. Chanzo kikichafuka, volti za kizidisha elektroni, kinachokuza ishara, hupanda kila tyuni (urekebishaji wa mashine) na ioni 502 ya PFTBA hufifia. Sugua vyuma kwa unga wa alumina uliolowa, suuza vizuri, lakini vipande vya kauri na filamenti usivisugue. Volti zikikaribia 3000 hata baada ya usafi, badilisha kizidisha.

Heliamu, gesi inayobeba sampuli ndani ya kolamu, ndiyo inayokula bajeti. Mtungi wa lita 50 wenye shinikizo la baa 200 una takriban lita 10,000 za gesi. Spliti, gesi inayomwagwa nje kwenye mlango wa sampuli, ya mililita 50 kwa dakika ikiachwa wazi mchana na usiku, mtungi unaisha kwa miezi minne hivi. Washa kipunguza gesi, kishushe spliti hadi mililita 20 kwa dakika, dakika 3 baada ya sampuli kuingia, na unakaribia miezi tisa. Ajabu ni maabara ngapi hazijawahi kukigusa.

Nyota nne kati ya tano. Mahali umeme unapokatika ovyo, usiipokee bila UPS (betri ya dharura) inayobeba mashine pamoja na pampu: kolamu ya moto isiyo na gesi huharibiwa na oksijeni.