Tela la boti lililogongwa yadi: nilivyotengenezewa Moshi

Nianze na pesa, maana ndicho kila mtu anachoniuliza: matengenezo yote ya tela yamekula shilingi 745,000, na wenye yadi wamenirudishia 150,000 baada ya wiki tatu za "njoo kesho, bosi hayupo". Anayesema nimepigwa ni shemeji yangu, ambaye nusu ya boti ni yake na nusu ya bili hajalipa mpaka leo.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 14. Tunaishusha kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa Lang'ata, tunatafuta perege kwa ndoano na kuwazungusha watoto wikendi. Kule kivuli hakuna, jua linaichubua faiba, ndiyo maana masika yalipokaribia nikaileta Moshi na kuiacha kwenye yadi moja ya kuhifadhia magari, 40,000 kwa mwezi. Ukuta upo, mlinzi yupo, mbwa yupo. Niliiweka Machi, nikaifuata Julai.

Nilipofika nikakuta mkono wa tela, ile paipu ya mbele inayoshikana na gari, umegeukia kulia kama mtu aliyeitwa na mwenzake kwa nyuma. Pale ulipobonyea pamebaki rangi nyekundu ya bampa la lori. Mlinzi akasema zamu haikuwa yake. Msimamizi akaigeuza risiti yangu, akanionyesha mstari wa maandishi madogo kwamba mwenye mali ndiye anayebeba hasara. Bahati nzuri nilikuwa na picha mbili za siku ile ya Machi, tela limenyooka na geti lao linaonekana nyuma. Picha hizo zilifanya kazi kuliko kelele zote nilizopiga pale.

Fundi wa kwanza niliyemwita alilitazama tela dakika mbili, mikono mfukoni. "Hii naichoma moto, naigonga nyundo, jioni unaondoka nayo. Elfu sitini." Bei tamu, nakiri karibu nikubali. Aliyenizuia ni jirani yangu, dereva wa Fuso, akanipeleka kwa mzee mmoja Pasua ambaye vijana wake wote wanamwita Meku. Karakana yake ni banda la mabati, mashine mbili za kuchomelea na msumeno wa chuma uliochakaa, lakini sakafu imefagiliwa. Mimi fundi naanza kumpima kwa sakafu yake.

Meku hakugusa moto. Aliomba tepu. Akaninyoshea ncha moja nishikilie katikati ya kichwa cha tela, pale kinapokaa juu ya ile tufe ya chuma ya kuvutia nyuma ya gari, akaivuta mpaka mwisho wa ekseli upande wa kulia: sentimita 315 na nusu. Upande wa kushoto: 319. Akaniangalia. "Baba, mkono umepinda, hilo hata mtoto analiona. Lakini mkono peke yake hauwezi kuleta tofauti yote hii." Akalala chali chini ya tela na tochi ya simu. Baada ya muda akanyoosha mkono nje, kiganjani ana kipande cha bolti kilichokatika. Ni senta bolti, ile inayoyashika majani ya springi yasiteleze juu ya ekseli. Lori lilipolisukuma tela, bolti ya kushoto ilikatika na ekseli nzima ikarudi nyuma upande huo. Mkono ungenyooshwa kwa nyundo, tela lingetembea limekaa upande barabara nzima, na tairi lingeliwa kabla sijafika Himo.

Bolti yenyewe ilikuwa shilingi 5,000.

Habari ya moto nilimuuliza, maana elfu sitini zilikuwa bado zinaniwasha. Alisema chuma ukikifikisha kwenye wekundu kinanyooka kweli, ila umekilainisha palepale kinapobeba mzigo mzito kuliko pote. Akaukata mkono wote akaweka mpya, skwea paipu ya milimita 75. Hapo ndipo siku zilipopotelea. Maduka ya Moshi tuliyozunguka yalikuwa na paipu ya unene wa milimita 3 tu, yeye anataka 5. Ikabidi iagizwe Arusha, ikaja juu ya basi dogo siku ya tatu. Siku ya nne umeme ulikatika. Ya tano Meku alikuwa msibani Machame. Kazi aliyoniahidi siku tatu ilichukua kumi na moja, na hilo nalisema wazi ili anayetaka kwenda kwake ajipange.

Kazi yenyewe sasa. Pale mkono mpya unapokutana na chesisi aliongeza mabamba pembeni, na kila bamba alilikata ncha kama kashata. Nikadhani ni urembo. Kumbe ukichomelea mstari ulionyooka kukatiza chuma, unakichorea mahali pa kuvunjikia. Ncha ya mshazari inaugawa mzigo. Nilipitisha kidole kwenye mishono yake, imelala kwa vituta vidogo vinavyofuatana kama magamba ya samaki, hakuna tundu, hakuna matone yaliyorukia pembeni. Alipima tena: tofauti imebaki milimita 4. Hakuridhika, akalegeza yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, akagonga ekseli kidogo, akapima, milimita 1.

Beringi ndizo zilizonitia aibu. Kijana wake alipovua vifuniko vya habu, pale katikati ya gurudumu zinapokaa beringi, grisi ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Kwenye njia ya beringi kulikuwa na alama za kutu zilizopangana, moja kwa kila roli, kile kichuma kinachobingirika ndani ya beringi, palepale ziliposimama miezi minne bila kuzunguka. Nilianza kuwalaumu wenye yadi, Meku akanikatisha: "Uliingiza tela ziwani habu zikiwa za moto?" Ndiyo, kila safari. Unafika umevuta kilomita nyingi, habu imepata joto, unaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia sili, ule mpira unaoziba habu kwa nyuma. Nilitakiwa kusubiri zipoe, na kubadilisha grisi kabla ya kuliegesha. Kwa hiyo beringi na sili, 110,000, ni zangu, na tairi mbili zilizopasuka mbavuni kwa kukaa na mzigo na upepo mdogo nazo ni zangu. Ndiyo sababu sikung'ang'ania yadi walipe bili yote. Wangelipa mkono na ekseli kamili ningeridhika. 150,000 haikufika hata nusu ya hapo, na kule sirudi.

Beringi mpya kijana alizipakia grisi kwa kiganja, anaisukuma mpaka itokee upande wa pili. Nati akaikaza huku anazungusha gurudumu, kisha akairudisha nyuma kidogo kabla ya kutia pini. Niliuliza kwa nini asiikaze kabisa. "Ukikaza sana zinaungua, bosi."

Rangi ni mbaya, siwafichi. Walipaka redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, vizuri, ila bluu ya juu haifanani na ya zamani, na tela sasa lina mkono wa rangi ya sare za shule. Taa za nyuma ziliwekwa mpya, ila indiketa ya kulia iliwaka ukikanyaga breki mpaka niliporudi wakabadilisha waya.

Jumamosi iliyofuata tulivuta boti kwenda Lang'ata. Nilisimama Njiapanda, nikaweka kiganja kwenye kila habu: uvuguvugu, unaweza kukiacha hapo muda wote unaotaka. Nikasimama tena Kifaru, hivyohivyo. Ziwani tulikaa nusu saa tukila mahindi ya kuchoma kabla ya kulizamisha tela, shemeji akilalamika kwamba samaki wanaondoka.

Kwa kazi ya chuma nampa Meku nyota tano, kwa muda mbili, kwa rangi moja. Bado namdai kifuniko cha habu ya kushoto ambacho hakikupatikana siku ile. Nilimpigia juzi, akasema kipo tayari Jumamosi. Jumamosi ipi, hakusema.