Alama 96, chupa imefia stoo

Alama nazo ni bidhaa. Zinauzwa kwa ada ya mwaka, zinabandikwa kwenye rafu za maduka, na zinapandisha bei ya mvinyo ambao bado umo kwenye pipa. Mizani inayotawala ni ile ya 100 iliyoenezwa na mhakiki wa mvinyo wa Marekani, Robert Parker, kupitia jarida lake, The Wine Advocate, alilolianzisha mwaka 1978. Inaitwa ya 100 lakini inaanzia 50, na hakuna duka litakalokutangazia chupa ya 84, kwa hiyo mnunuzi anabaki na pointi kumi za juu tu za kuchagulia. Hapa tunaipima kwa kazi moja: kumchagulia mtu mvinyo mwekundu wa kuweka stoo miaka 10 hadi 15. Kwa chupa ya kunywa Jumamosi hii inasaidia kiasi. Kwa ya kuweka, inaangusha watu wengi mno.

Tatizo linaanzia kwenye tarehe. Zabibu za Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo Ufaransa, huvunwa Septemba na Oktoba, na waonjaji huitwa kuonja mnamo Aprili inayofuata. Mvinyo una miezi sita hivi, uko kwenye mapipa ya mwaloni, na kutiwa chupani bado kabisa. Kinachoonjwa ni sampuli, pengine hata mchanganyiko wa mwisho haujakamilika. Ndiyo maana alama za wakati huo hutolewa kwa kukadiria, mfano 94–96, na tangazo la muuzaji likitoka utaona 96 peke yake. Ongeza na ulimi uliochoka. Anayeonja sampuli kadhaa kwa asubuhi moja, kila moja ikimkausha mdomo kwa tanini (ile dutu ya maganda ya zabibu inayokaza ulimi), atavutiwa na glasi nzito, tamu ya matunda, yenye harufu ya vanila ya pipa jipya. Ule mkali wa asidi, mwembamba kidogo na mkimya, unapitwa. Na mara nyingi huo mkimya ndio ungekufaa baada ya miaka 12.

Mfano unaojulikana sana ni Château Pavie ya 2003, mvinyo wa Saint-Émilion huko huko Bordeaux. Mwaka huo Ulaya iliungua kwa joto, zabibu zikaiva kupita kiasi, sukari ikapanda na asidi ikashuka. Mwaka 2004 Parker aliipa alama za kileleni, karibu kabisa na 100. Jancis Robinson, mhakiki wa Uingereza, akaipa 12 kati ya 20. Mvinyo ni uleule. Hakuna aliyekuwa na ulimi mbovu kati yao: mmoja anapenda mvinyo mnene ulioiva, mwingine anataka uchangamfu na urari. Aliyenunua kwa kufuata namba bila kujua anayeitoa anapenda nini, amecheza bahati nasibu kwa bei ya juu.

Kuhusu tofauti ya 92 na 94, usijisumbue nayo. Robert Hodgson alichapisha mwaka 2008 utafiti wake kwenye mashindano ya mvinyo ya California State Fair. Majaji walimiminiwa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa moja, bila kuambiwa. Ni mmoja hivi katika kila kumi aliyeweza kuubakiza ndani ya kundi lilelile la medali. Hao ni watu wa kazi hiyo.

Sasa, kwa nini chupa yenyewe inakufa? Wengi hutazama tanini pekee: mdomo ukikauka, basi wanasema huu utadumu. Kumbe tanini bila asidi ni kama mchuzi mzito usiotiwa ndimu. Kinacholinda mvinyo ndani ya chupa ni dioksidi ya salfa, na nguvu yake inategemea pH, kipimo cha ukali wa asidi: pH ikiwa chini, asidi ni kali zaidi. Kwa kiasi kilekile cha salfa, mvinyo wa pH 3.4 una kinga kama mara mbili na nusu ya ule wa pH 3.8. Zabibu zilizoachwa mpaka zianze kunyauka kwenye mzabibu hutoa mvinyo wa pH ya juu na kilevi cha asilimia 15 au zaidi. Ukiwa mchanga unapendeza kweli, laini kama hariri. Lakini tunda linavyofifia, kilevi hakififii, na ule mwaloni nao unabaki umesimama peke yake. pH ya juu pia inaipa nafasi chachu ya Brettanomyces, ile inayoleta harufu ya zizi la farasi na plasta ya kidonda.

Mfu utamtambua hata kabla ya kuonja. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa rangi ya tofali si kosa, ni umri. Kosa ni pale katikati kunapokuwa kahawia, hakuna wekundu ulio hai. Ukinusa unapata zabibu kavu zilizochemshwa na mchuzi wa soya. Mdomoni unaanza na utamu kwenye ncha ya ulimi, katikati hakuna kitu, halafu koo linachomwa na kilevi. Usiuchanganye na mvinyo uliolala. Huo rangi yake ni safi, harufu imejifungia na tanini ni ngumu. Ukiuacha miaka mitatu zaidi unaweza kuamka. Na harufu ya kadibodi iliyolowa ni ugonjwa wa kizibo, haihusiani na umri wala alama, na haitoki hata ukiumimina kwenye jagi usiku kucha. Hiyo hurudishwa dukani, ingawa baada ya miaka 11 sijui nani bado ana risiti.

Lawama nyingine ni ya stoo. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 14, bila kupandashuka, gizani, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kinachokaa kwenye nyuzi 30 kinaharakisha mambo: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi kumi za ziada huongeza kasi ya mabadiliko karibu maradufu, na ladha hazikomai vizuri, zinapikika. Ukiona kizibo kimejisukuma nje kidogo, au mchirizi wa mvinyo uliokauka chini ya ile karatasi ya shingo, chupa ilishapata joto. Kabati la sebuleni halifai hata kwa mwaka mmoja. Kama huna friji ya mvinyo, nunua wa kunywa sasa.

Badala ya namba, soma maneno ya mwonjaji na mwaka alioonjea. Tafuta karatasi ya vipimo kwenye tovuti ya mtengenezaji: kilevi kisizidi asilimia 14, pH ikae chini ya 3.7 hivi. Kuna mivinyo mizuri inayovunja kanuni hiyo, ila kwa pesa zako anza nayo. Nunua chupa tatu au sita za aina moja, siyo moja moja za aina sita. Fungua ya kwanza baada ya miaka mitano, uone inaelekea wapi. Chupa ya Bordeaux iliyokwisha zeeka ukiinunua kwa mtu, itazame kwenye mwanga: ikiwa na miaka chini ya 20, mvinyo uwe shingoni. Ukishuka hadi katikati ya bega, umevuja au umechemka.

Siku ya kufungua, isimamishe wima saa 24 hadi 48 kabla ili mashapo yatulie. Kizibo cha zamani hukatika kwa kizibuo cha kawaida, kwa hiyo tumia kile cha ndimi mbili: zizamishe pembeni mwa kizibo kwa kuyumbisha, kisha vuta huku unazungusha. Mimina polepole mbele ya tochi, simama mashapo yanapofika shingoni. Wa miaka 20 usiuache kwenye jagi ukingoja wageni. Harufu yake inaweza kuwa imekwisha ndani ya saa moja.