TAHADHARI: Chumba cha ubaridi cha sola kilivyotuingiza mjini, Arusha

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa na hasira bado, mnivumilie.

Sisi ni kikundi cha wakulima 14 wa nyanya, Ngarenanyuki, wilaya ya Arumeru. Anayepajua anajua shida yetu si kulima. Nyanya zinaiva kwa wote wiki moja, dalali anapanga bei akiwa amekaa kwenye Fuso lake, na ukimkatalia leo, keshokutwa una masalo, nyanya zilizolainika zisizouzika. Kwa hiyo alipokuja mtu akasema kuna chumba cha ubaridi kinachoendeshwa na jua, kwamba soko la Tengeru likifurika Jumamosi unasubiri Jumatano bila wasiwasi, hatukumuuliza mengi.

Alitupeleka kuona cha mfano pembeni ya mji wa Arusha. Kweli kilikuwa baridi, mwenzetu mmoja alitoka anatetemeka. Ndani mlikuwa na matenga mawili ya hoho na kreti za soda, basi. Mama mmoja wa kikundi akauliza ule waya mweusi unaopita nyuma ya ukuta unakwenda wapi. Akajibiwa ni wa kamera. Tulimcheka. Siku hizi mama yule akifungua mdomo kikaoni, wote tunanyamaza.

Tukatoa kianzio cha milioni 6 kati ya 11, kwa namba ya simu yenye jina la mtu na si la kampuni, tukapewa risiti ya kuandika kwa mkono. Hapo tu tulipaswa kusimama.

Sanduku lilifika kweli, na paneli 4 zenye lebo ya wati 300 kila moja. Tukapanga matenga 25, karibu tani moja. Kipima joto kikasoma nyuzi 24 mchana, na usiku wa manane 23. Siku ya tatu maji yanatiririka ukutani, siku ya nne ukungu. Tukimpigia ni danadana: mara kompresa imekwama Namanga, mara gesi imepungua, ongezeni laki nane. Na tukaongeza! Msinicheke. Tangu hapo simu haipatikani.

Binamu yangu ni fundi umeme, alisomea VETA. Alikuja na futi tu, hakuhitaji kingine. Kila paneli ilikuwa sentimita 120 kwa 67. Akatuambia mita moja ya mraba ya paneli, hata iwe nzuri, inatoa wati 200 na ushee jua likiwa la utosi. Zetu hazifiki hata mita moja ya mraba, kwa hiyo wati 300 ziko kwenye lebo peke yake. Ukibahatika ni 160. Kwa saa 5 za jua kali, paneli zote 4 ni kama uniti 3 kwa siku. Sasa tani moja ya nyanya kuitoa nyuzi 28 kuishusha hadi 13 ni uniti 16 za joto la kutoa, na mashine nzuri ingekula uniti 6 hadi 8 za umeme kwa kazi hiyo. Bado hujahesabu joto linalopenya ukutani, mlango unaofunguliwa kila saa, na nyanya zenyewe, maana zikishachumwa zinaendelea kupumua na kutoa joto.

Akabandua ukuta. Ndani ni lile povu jeupe la kufungashia TV, unene wa vidole viwili. Chumba cha kweli kina povu gumu la karibu sentimita 10. Na mashine ilikuwa kiyoyozi cha nyumbani, ambacho mwisho wake ni nyuzi 16.

Jambo jingine lililonipita: yule muuzaji alijisifu kwamba kinashuka hadi nyuzi 2. Karoti na kabichi zingefurahi. Nyanya ambayo haijaiva vizuri ukiiweka huko inaharibika, inabonyea madoa na haiivi sawasawa. Ndizi chini ya 13 zinakuwa nyeusi. Anayejua kazi hii angeanza kwa kutuuliza tunahifadhi nini.

Sisemi vyumba hivi ni uongo. Nigeria kuna wakulima ambao hawanunui chumba kabisa, wanalipia kreti moja kwa siku, na mwenye mashine ndiye anayeumia ikizima. Mtu akikuletea habari hizi, mwambie aweke chake akukodishie kwa tenga. Akigoma, mwambie ajaze kile cha mfano nyanya zilizotoka shambani saa nane mchana, akate umeme wa TANESCO mbele yako, mrudi kesho yake asubuhi. Jina la kampuni litafute BRELA, wanaosajili kampuni (sisi tulilitafuta tumeshapigwa, halipo), na pesa isitoke bila risiti ya EFD. Njiani pita CAMARTEC hapo Arusha uwaoneshe karatasi zake, zana za kilimo ndiyo kazi yao.

RB tumechukua polisi, na namba ya simu ya tapeli tumeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Juzi mwenzetu aliyepeleka vitunguu Himo amemwona sokoni, na karatasi zilezile zenye picha za kile chumba cha mfano. Safari hii anaongea na watu wa parachichi.